Baba Alivyomchora Zuhura

Mwezi uliopita niliingia duka la vifaa vya ujenzi kununua rangi ya sebule. Muuzaji, mama mmoja mchangamfu, akafungua kopo la thina ya kuzimulia rangi ili nihakikishe halijachakachuliwa, na harufu ile ikanipanda puani kabla sijajiandaa. Nikashika kaunta.

"Vipi dada, presha?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, harufu tu. Sikumweleza kwamba kwa muda ule mfupi nilikuwa na miaka tisa, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yetu Kibamba, nimekatazwa kucheka na kujikuna pua, na baba yangu amesimama mbele yangu akinitazama kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mbaya.

Baba alikuwa karani wa ghala mjini. Wiki nzima alivaa shati lililopigwa pasi na kuweka kalamu sikioni. Jumamosi akishakula mchana alivua shati, akajifunga khanga kuukuu ya Mama kiunoni, akachora. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuharibu. Mafundi rangi wa mtaani walimfahamu, na kila walipomaliza nyumba ya mtu walimletea makopo yenye mabaki, kwa hiyo anga katika picha zake zilikuwa na rangi za nyumba za majirani. Mama alipenda kusimama nyuma yake na kusema, "Hilo wingu ni sebule ya Mwalimu Haule, na hiyo asubuhi ni choo cha kina Mushi."

Kitu kimoja tu ndicho alichochora: milima. Alizaliwa Umatengo, huko Mbinga, kwenye nchi inayopanda na kushuka, na nadhani tambarare ya Dar es Salaam ilimchosha macho. Milima ilijaa sebuleni, ikaingia chumbani kwetu, mwingine ukawa mlango wa banda la kuku. "Baba Imelda," Mama alimwambia, "siku moja milima hii itatuangukia." Baba alicheka, akaongeza mwingine kwa nyuma, mdogo, wa buluu.

Plaiwudi za kuchorea alipewa na jirani yetu Baba Zuhura, fundi seremala mwenye karakana pembezoni mwa barabara ya Morogoro. Yeye na mkewe walikuwa wenyeji wa Pwani waliohamia kutoka Magomeni, watu wa swala tano, wapole. Kati ya nyumba yao na yetu kulikuwa na ua wa michongoma wenye tundu moja, na tundu hilo tulilitoboa mie na binti yao, Zuhura.

Zuhura alikuwa na umri wangu. Alikuwa na pengo la mbele ambalo alilitumia kupigia mluzi, na alikuwa na tabia ya kumaliza sentensi zangu, tena kwa maneno mazuri kuliko yale niliyotaka kusema. Jumanne moja alipata homa. Jumatano hakuja shule. Alhamisi walimkimbiza hospitali, na Ijumaa, nikitoka shule, nikakuta turubai uani kwao na wanaume wamevaa kofia, wamesimama kimya barabarani. Mama akanidaka begani na kunigeuza. Sikulia siku ile. Nilikuwa namsubiri Zuhura aje anieleze ni nini kinaendelea.

Baada ya arobaini, Mama Zuhura alikuja kwetu. Hakupita kwenye geti. Alipita kwenye tundu letu la michongoma, mtu mzima na unene wake, khanga ikinasa kwenye miiba. Baba alikuwa anachora. Mama Zuhura akasimama akiutazama mlima kwa muda mrefu, kisha akasema:

"Baba Imelda, nichoree mwanangu."

Baba akaweka brashi chini. "Mama Zuhura, mie najua milima tu."

"Aliyeumba milima ndiye aliyemuumba Zuhura."

"Ni kweli. Lakini mie siye Yeye."

Mama Zuhura hakucheka. Alieleza kwamba hawakuwahi kumpiga picha mtoto wao. Kulikuwa na moja tu, ya harusi ya mdogo wake, na humo Zuhura alikuwa amegeuza kichwa kutazama keki. "Uso wake unaniponyoka," alisema. "Kila siku kidogo. Jana nimeshindwa kukumbuka nyusi zake. Nyusi, Baba Imelda! Mtoto niliyemzaa mwenyewe."

Baba akaniangalia mie, akaangalia mlima wake, akasema, "Nitajaribu. Siahidi kitu, lakini nitajaribu."

Nimewafahamu watu wengi wenye vipaji tangu wakati ule, na wengi wao hufanya kile wanachokiweza tu. Baba, mtu mzima aliyeheshimika mtaani kwa milima yake, alikubali kuanza upya mbele ya macho ya watu, kwenye kitu asichokijua, kwa sababu jirani alimwomba. Utotoni sikuliona hilo kuwa jambo kubwa. Nilichokiona ni kwamba picha zake zilikuwa mbaya ghafla.

Zilikuwa mbaya kwelikweli. Uso wa kwanza ulitoka kama kiazi. Wa pili ulikuwa na macho mazuri, ila jicho moja lilikaa karibu na sikio. Akaanza kubeba daftari kila mahali, akichora kwa penseli watu kanisani wakati wa mahubiri, hadi Mama akamfinya. Akachora kwa mkaa. Akajaribu mtindo wa wachoraji wanaowauzia watalii, wenye macho makubwa na madoadoa kila mahali, na Zuhura akawa kama chui aliyevaa gauni. Akasikia kwa mtu kwamba kuna wachoraji wanaoweka nukta tu, maelfu ya nukta, na ukikaa mbali unaona uso. Akaweka nukta Jumamosi tatu mfululizo. Tulikaa mbali, tukasogea mpaka kwenye banda la kuku.

"Mnaona nini?" akauliza.

"Surua," Mama akajibu.

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akageuza plaiwudi upande wa pili, akaanza tena.

Ndipo akanikalisha kwenye kigoda. "Wewe na yeye mlikuwa na kimo kimoja," alisema. "Nikiujua mfupa wa uso wako, nitajua nimtafute wapi." Alinipima kwa njiti, kutoka kidevu hadi pua, kutoka pua hadi paji. Mama Zuhura akaleta mtandio wa Zuhura, ule wa kijani wa madrasa, na wakanivalisha. Ulikuwa bado una harufu ya mafuta yake ya nazi. Mama Zuhura alinitazama, akanishika mashavu kwa mikono yote miwili, akanipa vitumbua vinne vilivyofungwa kwenye gazeti.

Sikuvila. Kitu fulani kilianza kunitia wasiwasi.

Jumatatu moja jioni nilikuwa naosha vyombo uani, nikawasikia wakiongea upande wa pili wa nyumba.

"Amefikia wapi?" Mama Zuhura aliuliza.

"Yuko karibu," Baba akajibu. "Amebaki macho tu. Ijumaa utamchukua."

"Awe wangu moja kwa moja?"

"Sasa awe wa nani? Wako."

"Na Mama Imelda hana kinyongo?"

"Hana. Keshakubali. Tena anasema heri aondoke, nyumba ipumue."

Sufuria ikaniponyoka mkononi.

Leo nacheka, lakini nataka msomaji aelewe jinsi hesabu ile ilivyokuwa wazi kichwani mwangu. Mama Zuhura amepoteza mtoto. Sisi kwetu tulikuwa watoto watatu. Nimevalishwa mtandio wa marehemu, nimepimwa uso, nimepewa vitumbua. Mama yangu mwenyewe amesema heri niondoke, nyumba ipumue. Nilichoona ni kwamba picha ile ndiyo ilikuwa ikinigeuza, kidogo kidogo kila Jumamosi, kuwa Zuhura, na ikikamilika macho, basi. Usiku ule na uliofuata nililala nimemkumbatia mdogo wangu kwa nguvu hata akalalamika.

Alhamisi nilitoka shule mbio. Baba hakuwa amerudi. Picha ilikuwa imeegemezwa ukutani chini ya bati, na safari hii, lazima niseme, ilikuwa nzuri. Baba alikuwa amempata. Nyusi zilikuwepo. Pengo lilikuwepo. Nikachukua kitambaa, nikakichovya kwenye thina, nikamfuta uso. Rangi ilikuwa bado mbichi, maana wiki ile Baba alichora hata jioni akitoka kazini. Uso ulitoka wote, mashavu, pengo, nyusi, na badala yake kukabaki tope la kahawia ndani ya mtandio wa kijani.

Mama ndiye aliyeniona kwanza. Alipiga kelele, akaenda kutafuta fimbo. Baba akaingia getini wakati huohuo, kalamu bado iko sikioni. Akaiona picha. Akaiona mikono yangu.

"Ngoja, Mama Imelda," alisema kwa sauti ndogo. Akachuchumaa mbele yangu. "Kwa nini?"

"Sitaki kwenda kwa Mama Zuhura."

"Nani anakupeleka?"

"Wewe! Umesema Ijumaa atanichukua. Na Mama keshakubali, nyumba ipumue."

Fimbo ikadondoka. Mama akakaa kwenye kizingiti, akajifunika mdomo kwa khanga, na sikuweza kujua kama analia au anacheka. Nafikiri alifanya yote mawili. Baba hakucheka hata kidogo. Alinivuta kifuani, na shati lake la kazini, lile lililopigwa pasi, likapata alama za rangi ambazo hazikutoka tena.

"Imelda," alisema, "nilikuwa naisema picha. Wewe si wa kugawa. Hata ningekuwa na kumi kama wewe, hakuna hata mmoja wa kugawa. Umesikia?"

Nikamwambia nimesikia. Kisha nikauliza, "Sasa macho utayaweka wapi?"

Akachukua kopo la thina, akalifunika.

Ijumaa Mama Zuhura alikuja kuchukua picha, amevaa vizuri kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni. Baba akamweleza yote bila kunificha wala kunisingizia. Yeye akaitazama picha. Akavua khanga yake ya begani, akaifunika.

"Basi," alisema. "Amezikwa mara mbili."

Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu Zuhura afe. Mama Zuhura, badala ya kunigombeza, akanishika mkono, na tukawa tumesimama hivyo mumewe alipoingia. Alikuwa Kibaha kwa miezi kadhaa, akitengeneza milango ya shule, na habari za picha alizipata siku hiyo akitoka msikitini. Baba akamwamkia na kumpa kiti. Alikataa kukaa.

"Jirani," alisema, "plaiwudi nimekupa mwenyewe na nitakupa tena. Lakini dini yangu hainiruhusu kutundika picha ya kiumbe mwenye roho ndani ya nyumba. Sikugombi. Najua ulitaka kutusaidia. Nakuomba tu."

"Nimekuelewa, Baba Zuhura. Ilinipasa nikuulize kwanza. Kosa ni langu."

"Na mie je?" Mama Zuhura aliuliza. Hakumwuliza yeyote hasa. "Mie nitabaki na nini cha kutazama?"

Mumewe akainamisha kichwa. Wakaondoka, huyu mbele, huyu nyuma.

Jumamosi ile Baba hakuchora, wala iliyofuata. Alikaa chini ya bati na mikono mitupu. Milima hakuigusa. Mama akamwambia aachane na jambo hilo, amejaribu, Mungu ameona. Baba akasema, "Aliomba kitu cha kutazama. Hakusema lazima kiwe uso." Kisha akaniita.

Nilidhani nitaadhibiwa hatimaye. Alinisogezea kigoda, lakini safari hii na yeye akakaa chini, sakafuni, akawa mfupi kuliko mie.

"Mie nilikuwa namwona Zuhura akipita tu," alisema. "Wewe ndiye uliyemjua. Niambie. Akitoka mahali, alikuwa anaacha nini?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza swali kama lile. Nikafikiri. Nikamwambia Zuhura alivaa ndala kinyume, ya kulia mguu wa kushoto, na akizivua mlangoni zilikaa zimepeana mgongo kama watu waliogombana. Nikamwambia aliacha maganda ya machungwa yaliyokatwa kwa mzunguko mmoja bila kukatika. Nikamwambia alikuwa wa mkono wa kushoto, na kila jioni saa kumi alifagia uwanja wao kwa fagio la chelewa, na mistari yake kwenye mchanga ililalia upande mwingine. "Ya watu wote inalala hivi," nikamwonyesha kwa mkono. "Ya kwake hivi. Nikitokea kwenye tundu la michongoma nilikuwa najua leo kafagia nani."

Baba alinitazama mpaka nikaona haya. "Rudia hiyo ya mistari," alisema.

Alikuwa hajawahi kuchora mchanga, wala kizingiti, wala ndala. Alitumia wiki nyingi. Ndala tu zilimla Jumamosi mbili, maana ukizichora vibaya zinakuwa samaki. Mwanga wa saa kumi aliutafuta kwa kuchanganya krimu ya sebule ya mtu na njano ya ukuta wa duka. Mistari ya fagio ndiyo iliyomtesa kuliko yote. Akiichora kwa brashi ilikuwa kama nyoka. Mwishowe akapaka rangi nzito, akavunja njiti za chelewa, akazifunga pamoja, akafagia juu ya rangi mbichi. Mistari ikatoka, lakini ikalala upande wa watu wote. Akasimama. Akahamishia njiti mkono wa kushoto.

Mkono ule haukujua kitu. Ulitetemeka kama wa mtoto wa chekechea. Aliharibu plaiwudi tatu, na mie nilikuwa msimamizi. "Hapana, Baba. Zuhura alikuwa anavuta mbali zaidi." Akafuta, akapaka, akafagia tena, jasho likimtoka, ulimi nje. Ya nne, nikanyamaza. Akageuka kuniangalia. Nikatikisa kichwa kukubali.

Tuliwapelekea Jumapili baada ya alasiri, sisi wote, Mama akiwa na chupa ya chai. Baba aliiegemeza picha kwenye ukuta wao wa baraza, akarudi nyuma. Ulikuwa uwanja wao, umetoka kufagiwa. Fagio limeegemea mlango. Ndala mbili kizingitini zimepeana mgongo. Ganda moja refu la chungwa. Hakuna mtu, hakuna hata kuku.

Mama Zuhura alitazama. Akapiga hatua moja mbele, akageuza shingo kuelekea mlango ule uliochorwa, kama mtu anayechungulia ndani.

"Huyu mtoto," alisema, "ameingia ndani sasa hivi."

Na akatabasamu. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini alikuwa anatabasamu. "Nyusi zake zile," akamwambia Mama, "zilikuwa zimekutana kidogo hapa katikati. Nimekumbuka."

Baba Zuhura alisogea taratibu. Aliinama, akaikagua picha kama anavyokagua mbao, pembe kwa pembe, na nikajua anatafuta kiumbe. Hakukiona. Kisha akaiona mistari. Akanyoosha mkono wa kulia, akaifuata hewani kwa kidole, mkono ukakataa kwenda sawa. Akajaribu tena. Kisha, taratibu, akabadilisha mkono. Wa kushoto ukaifuata yote, kutoka kizingitini hadi ukingoni, bila kukwama.

"Nilikuwa namgombeza," alisema. "Kila siku. Tumia mkono wa kulia, Zuhura. Kumbe alikuwa anafagia vizuri hivi."

Baba akamwekea mkono begani. Baada ya muda Baba Zuhura akaenda karakanani, akarudi na mbao nne za mninga, akaketi pale pale barazani kutengeneza fremu, na hakuinuka mpaka ilipokamilika. Aliitundika kwa mkono wake, ukutani, mahali pa kwanza macho yanapofika mtu akiingia. Mie nilishika misumari.

Siku hizi Baba amestaafu. Yuko Kibamba palepale, na nilipompigia simu juzi alichelewa kupokea. Nikamwuliza alikuwa wapi. Akasema alikuwa nje, amelowa chapachapa, anajaribu kuichora mvua, si mawingu wala madimbwi, mvua yenyewe inapokuwa angani.

"Inaendaje?" nikauliza.

"Imenishinda kabisa," Baba alisema, na sauti yake ilijaa furaha kiasi kwamba nililazimika kuisogeza simu mbali na sikio.